Mtaro Kati Yetu na Kwa Syombua

Mwanangu Mwikali,

Umeenda kumuaga nyanya yako, na ninavyomjua mama yule, hatakuachilia kabla hujamaliza sufuria nzima ya muthokoi. Kwa hiyo nina muda. Nimeketi hapa jikoni na daftari la shule, na tayari nimerarua karatasi tatu. Sanduku lako nimelifunga. Habari za sabuni na blanketi na namna ya kuishi na wasichana wa bweni shangazi yako amekueleza vya kutosha, na mengine utajifunza kwa kuaibika, jinsi sisi wote tulivyojifunza. Sikuandikii hayo.

Kesho unaenda Kitui kusomea ualimu. Kila ninapopita sokoni napongezwa. "Mwalimu amezaa mwalimu!" wanasema, nami nacheka nao, halafu nikifika nyumbani natamani ardhi inimeze. Sababu yake ndiyo barua hii. Kwa miaka kumi na miwili nimeshindwa kukuambia jambo moja ana kwa ana. Wiki hii yote nimekuwa nikikuita, "Mwikali, njoo kidogo," na ukija nakuuliza kama umepata soksi. Nafikiri umeanza kudhani mama yako anazeeka vibaya.

Unajua kazi yangu. Asubuhi nawapanga watoto uwanjani, bendera inapanda, tunaimba amani, upendo na umoja hadi mbuzi wa jirani wanashtuka. Jumapili nawafundisha watoto wale wale nyuma ya kanisa, chini ya bati, habari za kumpenda jirani. Nilikuwa na picha nilizozichora mwenyewe kwa kalamu za rangi. Wageni wakija kutoka mbali, mchungaji aliwaleta kwangu kwanza waone jinsi watoto wa Mwalimu wanavyojua kujibu. Na kweli walijua. Ungewauliza saa yoyote amani ni nini, wangekujibu kwa sauti moja.

Wakati huo huo kulikuwa na nyumba moja, hapo chini yetu tu, ambayo nilikukataza kukanyaga.

Wewe unamjua Syombua kama yule mama wa chini ambaye hatuendi kwake. Mimi namjua tofauti. Tuliolewa hapa mwaka mmoja, miezi miwili tu kati yetu, wasichana wawili wageni kwenye mlima usio na maji. Yeye ndiye aliyenionyesha mahali pa kukata kuni bila kugombana na watu. Ulipozaliwa, baba yako alikuwa kazini kwake relini Makindu, na Syombua ndiye aliyekushika kabla yangu. Akakutazama akasema, "Huyu ana kichwa cha mwalimu, kikubwa hivi." Nilicheka nikiwa bado na uchungu.

Tulikuwa mwethya mmoja, kile kikundi cha akina mama cha kulimiana kwa zamu, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa mwingine. Mwaka ule tulikuwa tunachimba mitaro ya fanya-juu ili mvua ikija isitubebee udongo wote hadi mtoni. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta. Ili maji yatulie ndani ya mtaro, mstari lazima uwe sawa, na kuupata huo mstari kunahitaji uzi, fito mbili na pima maji inayoning'inia katikati. Mimi ndiye niliyefundishwa na bwana shamba kuisoma pima maji ile, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Akina mama walichimba pale uzi wangu ulipolala. Hakuna aliyeuliza.

Shamba letu liko juu, lao liko chini. Mpaka ulikuwa mstari wa mikonge aliyoipanda baba mkwe wake Syombua, mikonge kumi na mmoja, na nimeihesabu mara nyingi tangu siku hiyo ingawa haipo tena. Mtaro wetu wa mwisho ulipaswa kupita juu ya mikonge, ndani ya shamba letu. Hapo ungenilia hatua tatu za udongo mweusi, udongo wa pekee uliokuwa umenibakia wenye maana, na nilikuwa na kunde zimeanza kutambaa. Zamu yetu ilipofika, Syombua alikuwa ameenda Kyuso kumzika mama yake.

Nikashusha uzi. Sitaki kukuandikia kwamba nilijaribiwa, au kwamba sijui kilichonipata. Nilijua. Nilisogeza fito hatua tatu chini, nikapita mikonge, nikaingia shamba la mwanamke aliyekuwa msibani. Mama mmoja mzee akainua jembe akaniuliza, "Mwalimu, mbona uzi umeruka mpaka wa watu?"

"Ni pima maji," nikasema. "Si mimi."

"Pima maji inasema hapa?"

"Inasema hapa hapa, mwaitu."

Wakachimba. Walikuwa wakiimba. Mikonge ya mzee wa watu iling'olewa ikatupwa kando, na ilipofika jioni mtaro ulikuwa umekamilika, umenyooka, mzuri wa kupigwa picha.

Syombua alirudi baada ya siku tisa. Alikuja moja kwa moja hapa, kichwa kikiwa kimenyolewa, na mkononi ndengu za Kyuso alizoniletea, zimefungwa kitambaani.

"Mwalimu, mikonge ya mzee iko wapi?"

"Iliondoka na mtaro. Pima maji ilionyesha pale."

"Na wewe ndiye uliyekuwa umeishika."

"Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika."

Akaweka ndengu chini mlangoni, akaenda. Kama angenitukana siku hiyo, Mwikali, labda ningelia na mambo yangeisha. Hakunitukana, nami nikajitia hamnazo.

Mume wake alipeleka mashtaka kwa wazee. Wakaja, wakatembea kwenye mtaro, wakatazamana, na wazee si wajinga. Lakini walikuwa watu wa heshima, hawakutaka kumwita mwalimu mwongo mbele ya watu. Wakasema udongo ni kitu cha kurekebishwa, ila ugomvi usilale. Kila nyumba itoe mbuzi, tuketi pamoja, tule sahani moja, halafu watunyunyizie ng'ondu, yale maji ya majani ya kuosha ugomvi. Watoto wetu nao waketi hapo wale, waone kwa macho kwamba limekwisha. Walikazania sana hilo la watoto.

Nikapata mlango wa kutokea. Nikasimama nikasema mimi ni mtu niliyeokoka, siwezi kunyunyiziwa maji ya mizimu. Nilisema kwa sauti ile ninayotumia uwanjani. Mzee mmoja akasema haya, kama majani yanakusumbua tuyaache, tule tu nyama kama watu. Nikasema hata nyama hiyo siwezi, imechinjwa kwa jambo ambalo si la Kristo. Baba yako, aliyekuwa amekuja mwisho wa mwezi, alinivuta kando.

"Mama Mwikali, kula nyama ya watu. Mungu hana shida na mbuzi."

"Wewe huelewi mambo ya wokovu."

"Mimi naelewa mambo ya jirani," akasema, lakini hakunilazimisha. Yule mtu hajawahi kunilazimisha jambo, na siku hiyo natamani angenilazimisha.

Na Syombua alikuwa mkristo wa kanisa lile lile! Alikuwa tayari kuketi. Kila mwezi tulikuwa tukila mkate wa meza ya Bwana katika jengo moja, yeye benchi la kushoto, mimi mbele karibu na watoto, na mkate huo ulinishuka vizuri tu. Mchungaji alisikia nilivyokataa matambiko akanisimamisha Jumapili, akasema hii ndiyo imani isiyotikisika. Watu wakapiga makofi. Nilimwona Syombua akipiga makofi pia, polepole, akinitazama. Kukataa kwangu hakukuwa na uhusiano wowote na Kristo. Ukila sahani moja na mtu unaulizwa mbele yake kama moyo wako ni safi, na mimi sikutaka kuulizwa. Wale wazee, ambao sikuwahesabu kuwa wanajua lolote, walijua kufundisha amani kuliko mimi na picha zangu zote za rangi.

Baada ya hapo ndipo nilipokukataza. Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa nakusuka nywele na ulikuwa unaniambia jambo fulani kuhusu Ndinda, binti yake Syombua, rafiki yako. Nikavuta shungi la nywele kwa nguvu nikasema, "Usinitajie hao. Na usikanyage kwa Syombua. Nikisikia umekanyaga, utanitambua." Ukasema ndiyo mama. Ulikuwa mtoto wa kusema ndiyo mama.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nafundisha habari za jirani, ukainua mkono. "Na kama jirani ni Syombua?" Watoto wakacheka. Ndinda alikuwa ameketi nyuma, hakucheka. Nikakuambia keti chini. Hilo ndilo jibu nililokupa, na nafikiri ndilo somo la pekee la amani ambalo watoto wote wa siku ile walilishika.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi zile tatu ziliishia kuraruliwa.

Mwaka uliofuata mvua haikuja kabisa. Mto ukawa mchanga mtupu, na unakumbuka jinsi tulivyokuwa tunachimba visima mchangani, kila wiki vikizidi kwenda chini, hadi mtu akiingia haonekani. Sikujua kwamba wewe na Ndinda mlikuwa mnakutana huko. Mlinificha, na mlifanya vizuri kunificha. Siku ile aliingia yeye kuteka, wewe ukabaki juu kupokea kata. Mchanga wa pembeni ukaanguka.

Najua ulichimba kwa mikono, kwa sababu kucha zako nilizisafisha mimi usiku ule. Halafu ukakimbia kutafuta msaada. Njia ya kutoka mtoni inapita mlangoni kwa Syombua, na siku hiyo mume wake na ndugu zake wawili walikuwa pale wakiezeka ghala, wanaume watatu wenye nguvu, na sepetu zao zimeegemea ukuta. Wewe ukapita. Ukapanda mlima hadi shuleni kwangu, mwendo wa nusu saa kwa mtoto, ukasimama mlangoni mwa darasa la nne na mchanga kifuani na kwenye nywele.

Tulikimbia pamoja. Nilipiga kelele tulipofika kwao, wanaume wakashika sepetu wakatutangulia. Njiani, mimi nikihema, nilikuuliza, "Mwikali, baba Ndinda si alikuwa hapo nyumbani? Mbona hukuingia?"

Ukasema, "Ulisema nisikanyage."

Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Ulikuwa hulii, ulikuwa unanieleza tu, ukidhani nimesahau.

Walimtoa Ndinda. Alikuwa amekufa. Watu walipoanza kuulizana muda umepita kiasi gani, mmoja akasema alimwona mtoto wa Mwalimu akipita kwa Syombua mbio zamani sana. Syombua akaja kwangu, magoti yamejaa mchanga.

"Alipita nyumbani? Mwikali alipita pale mlangoni kwangu?"

Nikasema, "Alichanganyikiwa. Ni mtoto, woga ulimchanganya akili."

Ulikuwa umenishika mkono niliposema hivyo. Ulisikia. Ulinitazama, kisha ukatazama chini, na tangu siku ile hukuwahi kuniambia tena neno moja juu ya jambo hilo. Kijiji kikachukua maneno yangu kikayatia chumvi. Ukawa yule msichana aliyempita mwenzake. Watoto hawakutaka kwenda nawe mtoni. Wengine walikuimbia, nilisikia, nikawachapa, na kuwachapa ndiko kulikonisaidia kujiona mama mzuri. Ukaacha kucheza. Ukawa mtoto wa vitabu, mpole, asiyesumbua mtu, na mimi nikawaambia walimu wenzangu, tazameni binti yangu alivyotulia. Nilikuwa najua ulichokibeba. Nilikutwika mimi, na nikakuacha ukitembea nacho kwa sababu kama ningekutua ningelazimika kukibeba mwenyewe.

Nimeomba, Mwikali. Usidhani sikuomba. Nimefunga hadi nikakonda, na baba yako akadhani ni ugonjwa. Lakini kila nikipiga magoti nafika mahali pale pale, napaswa kusimama niteremke kwa Syombua, na siteremki. Basi nikajifunza kuomba maombi mafupi.

Jumanne iliyopita, barua yako ya chuo ikiwa tayari ukutani ambapo baba yako ameibandika kana kwamba ni picha ya rais, niliteremka. Nilimkuta anapukuchua mbaazi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikasimama. Nikamwambia habari ya uzi.

"Nilijua siku ile ile," akasema, bila kuinua macho. "Nina macho. Hilo la mtaro nilimaliza zamani. Hukuja hapa kwa sababu ya mtaro."

Nikamwambia la mtoto. Nikamwambia vile ulivyonijibu njiani. Mikono yake ikasimama juu ya mbaazi. Kuku wakaanza kudonoa kwenye ungo wake na hakuwafukuza.

Akasema, "Mimi nimemchukia mtoto. Miaka hii yote. Akinisalimia kanisani namwangalia viatu, simwangalii uso. Nilikuwa najiambia, huyu alimwacha wangu akafa. Mtoto, Mwalimu! Umenifanya nikamchukia mtoto."

Nikasema, "Tuchinje yule mbuzi, hata sasa. Niko tayari. Hata ng'ondu nitakubali."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Yule mbuzi alikuwa wa mtaro," akasema. "Kwa hili hakuna mbuzi."

Nilipogeuka kuondoka akaniuliza, "Mwikali anajua ni wewe?" Nikasema sijamwambia. Akasema, "Na umekuja kwangu kwanza." Nilipanda nikarudi nyumbani, na tangu Jumanne ndipo habari za soksi zilipoanza.

Sina la kukufundisha, na sitajifanya ninalo. Utafika huko chuoni watakuonyesha namna ya kuandaa somo, na siku moja kutakuwa na somo la kuishi pamoja, na utapewa kitabu. Sijui kama jambo hilo linaingia kitabuni. Nimelifundisha miaka ishirini na sidhani kama kuna mtoto hata mmoja aliyelipata kwangu. Walikuwa wananitazama tu. Waliona ninamsalimia nani na ninampita nani, na hicho ndicho walichokwenda nacho nyumbani. Wengine wao sasa wana mashamba na wanagombania mipaka, na wanapokataa kuketi na wenzao wanataja wokovu, maneno yangu yale yale, hata sauti ni yangu. Jana mmoja alinisalimia barabarani kwa heshima zote. Nilitaka kumwambia asiniite Mwalimu.

Jumapili nitasimama mbele ya kanisa niseme habari ya uzi, na ya mdomo wangu pale mtoni. Nimemwambia mchungaji. Alinishauri nisiliamshe lililolala, na nikamwambia halijawahi kulala. Sidhani kitu kitapona kwa kusema kwangu. Darasa la Jumapili watanipokonya, na watafanya vizuri. Nimechagua uwe umeshaondoka kwa sababu sitaki watu wageuke kukutazama tena, na kama hata hilo ni woga wangu mwingine, basi liongeze juu ya mengine.

Sikuombi unisamehe. Ningekuomba, ungesema ndiyo mama, kwa ile sauti yako, na mimi ningelala usingizi wako. Kasirika kwanza. Ukitaka kukaa bila kuniandikia muhula mzima, kaa. Ukitaka kesho baba yako peke yake ndiye akubebee sanduku, mwambie yeye, hataniuliza sababu.

Lakini jambo moja ulichukue, hata kama mengine yote ya barua hii utayatupa njiani. Umeishi miaka kumi na miwili ukiamini kwamba siku ile akili ilikupotea ukampita Ndinda. Nimekuona ukisita hadi leo kwenye kila mlango, hata mlango wa nyumba yetu, kana kwamba huna hakika kama unaruhusiwa kuingia. Akili haikukupotea. Uliiona nyumba ya Syombua, uliwaona wale wanaume, uliziona sepetu, na ukakumbuka maneno yangu.

Hukuchanganyikiwa, mwanangu. Ulikuwa na miaka minane, na ulinitii.

Mama yako.